Kumtembeza Mama Nairobi

Kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake wa upande wa baba, na wa pili hupewa jina la baba mzazi wa mama. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo tangu nilipozaliwa mama aliniita "baba", na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa kila nyumba katika laini, yale makazi ya wachuma kahawa pale Ruiru, ilikuwa na mtoto aliyeitwa baba na mamake. Aliniamsha kwa kusema, "Baba, uji unapoa." Siku niliyoiba sukari aliinua mwiko, akaushikilia hewani, akasema, "Shukuru umebeba jina la mzee. Nani atampiga babake?" Kisha akanipiga, ingawa si kwa nguvu aliyotumia kwa kaka yangu.

Desturi hiyo ndiyo iliyoufunika ugonjwa wake wa kusahau. Dada yangu, ambaye anaishi Mwiki, alianza kuitwa kwa majina ya shangazi zetu. Baadaye mama alimuuliza, "Na wewe, ni wa nyumba gani?" Dada alikwenda jikoni akalia akiwa ameshika sufuria. Nilimfariji, lakini ndani yangu nilikuwa na kiburi kidogo. Mama alikuwa akikaa kwangu Mwihoko, na kila niliporudi kutoka kazini uso wake ulikunjuka, akasema, "Baba, umerudi." Nilijiambia kwamba angalau mimi bado ananijua.

Alasiri moja tulikuwa kwenye baraza tukichambua maharagwe. Akaniuliza, "Baba, mama hajatoka mtoni?"

"Mama yupi?"

"Mama. Bibi yako."

Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa ndani akipiga pasi. Mtu aliyekuwa akimuulizia alikuwa mamake mwenyewe, ambaye alikufa kabla mimi sijazaliwa. Nilipoacha kuchambua, alirudisha mikono yake mapajani na kuinamisha kichwa kama msichana anayeogopa kuwa amekosea kuuliza. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwa muda mrefu, pengine kwa miezi mingi, hakuwa akiniona mimi kabisa. Alikuwa akimwona mwenye jina.

Daktari wa Thika alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Nilipomuuliza maswali mengi alisema pia kwamba mambo ya zamani hukaa kwa kina zaidi kuliko mambo ya jana. Nilishika sentensi hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza. Kazi yangu ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, kazi niliyojifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu mota za watu. Mota ikifa, hutupi yote. Unaanza upande mmoja ukiwa na kipimo, unapima waya kipande kwa kipande, mpaka ufike pale umeme unapokatikia. Nilidhani mama anaweza kupimwa hivyo.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja. Mama alikuwa na neno lingine kwangu zaidi ya "baba". Nilipokuwa mgonjwa, na mara zile tu, aliniita "mwanangu". Nilitaka aniite hivyo mara moja tena, huku akinitazama, akijua ni nani anayemwita. Sikuomba zaidi ya hapo.

Na siku aliyolisema sana neno hilo ilikuwa siku ya Nairobi. Nilikuwa nimetoka hospitali baada ya homa ya mapafu. Kina mama wa kanisa walikodi basi kwenda kuona mji, na ingawa watoto hawakuruhusiwa, mama alinificha chini ya shuka mpaka basi likavuka Githurai. Tulikwenda juu ya paa la lile jumba refu la mviringo katikati ya mji, kisha kwenye makumbusho ya treni, na mwisho kwenye makumbusho makubwa yenye nyumba ya nyoka. Siku nzima sikuitwa baba. Niliamua kumrudisha mama mahali pote hapo, kwa mpangilio uleule, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Dada alikataa. "Wewe ni fundi wa mota," aliniambia kwenye simu. "Mama si mota."

"Sijasema ni mota."

"Mwache aote jua. Anakuita baba, itika. Ulitaka akuite gavana?"

Sikucheka. Yeye alikuwa ameshalia na kumaliza. Mimi nilikuwa nikianza.

Jumamosi ya kwanza tulipanda lile jumba. Ndani ya lifti mama alifumba macho na kushika mkanda wa suruali yangu. Juu ya paa upepo ulikuwa mkali na mji ulikuwa mwingi kuliko nilivyoukumbuka: minara ya vioo, kreni za ujenzi, barabara ya juu ikipita juu ya barabara nyingine. Nilimgeuza kaskazini nikamwonyesha barabara ya Thika ilivyojivuta kuelekea kwetu.

"Mami, tulisimama hapahapa. Ulinishika kola ya shati, ukasema nikianguka utaruka unifuate."

"Nani?"

"Wewe. Mimi nilikuwa mdogo."

Alicheka kwa adabu, jinsi mtu anavyocheka mzaha wa mkubwa wake. "Baba, wewe ulikuwa mdogo lini?"

Kisha akauliza kahawa yetu iko upande gani. Nilimwambia huwezi kuiona kutoka hapa, na hata ukienda pale, sehemu kubwa ya mashamba yale sasa ni magorofa na maduka. Akasema, "Basi watu watachuma nini?" Kijana mmoja aliyekuwa akijipiga picha aligeuka akamwambia kama mjukuu wake, "Cucu, watachuma rent ya nyumba." Mama alimshukuru. Nilimrudisha chini.

Jumamosi ya pili tulikwenda kwenye makumbusho ya treni. Injini kuukuu zimepangwa nje kwenye reli zisizokwenda popote, nyeusi na nyekundu, na unaweza kupanda na kushika mikono ya vyuma ambayo madereva waliishika. Mama aligusa gurudumu lililompita urefu, akasema ni baridi. Tulikaa kwenye ngazi ya behewa la zamani. Nilikuwa nimebeba mayai ya kuchemsha, kwa sababu siku ile ya utotoni alininunulia yai pale langoni, tukaligawana. Sikumwambia neno. Nilimenya yai nikampa, nikangoja.

Alilipasua kwa vidole. Alinipa ule weupe, kiini akabaki nacho yeye.

Ndivyo alivyofanya siku ile. Ndivyo alivyofanya utoto wangu wote. Nilimuuliza polepole, kama mtu anayegusa waya asiojua kama una moto, "Kwa nini unakula kiini peke yako?"

"Kwa sababu hukipendi."

"Nani hakipendi?"

Alitafuna. Alinitazama kwa muda, na katika muda huo niliamini kila kitu. Kisha akasema, "Kuna mtoto wangu mmoja. Huyo kiini hakigusi. Ana kifua kibaya, maskini, hata kukimbia hawezi."

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa jirani. Tusikawie, baba."

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Huyo mtoto ni mimi. Nitazame. Nilipona. Nilikua. Ni mimi." Nilirudia, nadhani kwa sauti kubwa, maana mlinzi alitoka kwenye kivuli chake akatuangalia. Mama alijisogeza mpaka mwisho wa ngazi, mbali nami, akajifunika goti kwa leso. Aliniogopa. Nilikuwa nimemkuta yule mtoto, mzima, amehifadhiwa vizuri kwa jirani ambaye alikwisha kufa, na hapakuwa na njia ya kumfikia.

Jioni nilimweleza dada. Akasema, "Achana na hiyo ya tatu." Lakini mtu aliyefika karibu hivyo haachi. Nilijua kipande kilichobaki ni kimoja, na nilijua pia kwamba daktari alisema haurudi nyuma. Usiku na mchana nilikuwa nikiruka juu ya sentensi hiyo kama mtu anavyoruka mtaro.

Katika makumbusho makubwa, siku ile ya utotoni, niliingia nyumba ya nyoka nikagoma kutembea. Mama alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa na miguu yangu iliburura, kutoka kwa nyoka mpaka uani alikosimama ndovu wa sanamu. Njia nzima alikuwa akisema, "Mwanangu, fumba macho. Mwanangu, tumefika." Ikiwa kulikuwa na mahali ambapo neno hilo lilibaki, ni hapo.

Tulifika asubuhi, jua likiwa bado zuri. Nilimvalisha koti lake la kanisani. Ndani ya koti hilo, upande wa moyo, nilikuwa nimeshona kitambaa chenye namba yangu ya simu. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni mwangu. Nililipa, tukapita kwenye ndege waliokaushwa, tukatoka uani. Mama alimwona yule ndovu, akasimama nyuma yangu. Niliona heri tuanze na nyoka.

Kwenye njia ya kuelekea kwa nyoka nilifanya jambo ambalo fundi hufanya: nilimwachilia mkono. Nilitaka kuona kama miguu yake itakumbuka njia bila mimi kuielekeza. Nilibaki hatua chache nyuma. Alitembea vizuri, bila kusita, akakata kona kuelekea upande unaofaa, na nilikuwa nikisema moyoni, ndiyo, ndiyo. Mara watoto wa shule wakatoka, foleni ndefu, wameshikana sweta, wakipiga kelele kuhusu chatu. Mwalimu wao alinisukuma kidogo kwa mgongo akiwahesabu. Walipokwisha kupita, njia ilikuwa tupu.

Nilikwenda mpaka kwenye vizimba vya kioo. Hakuwepo. Nilirudi. Nilianza kwa utaratibu, nikijiambia kwanza vyoo, kisha mkahawa, kisha vyumba vya ndani kutoka kushoto kwenda kulia. Utaratibu huo ulidumu mpaka nilipofika kwenye benchi lililoko karibu na ua wa nyuma na kuona koti lake. Lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono ndani, kama alivyotufundisha kukunja nguo za Jumapili. Namba yangu ilikuwa ndani yake.

Upande wa chini wa eneo lile mto unapita, na upande wa juu kuna barabara kuu ambayo magari hayasimami. Nilijua mambo hayo yote mawili kwa sababu nilikuwa nimesoma ramani nyumbani. Sasa ramani haikuwa na kazi nyingine kichwani mwangu ila kunionyesha mto na barabara, mto na barabara. Nilianza kukimbia nikiita, "Mama! Mama!" Wanawake wengi waligeuka. Yeye ndiye pekee, popote alipokuwa, ambaye neno hilo lisingemgeuza, na nililijua hilo huku naendelea kuliita, kwa sababu sikuwa na lingine. Kumwita kwa jina la utoto wake kusingenitoka mdomoni. Kwetu mtu hamwiti mamake kwa jina.

Kwenye lango la chini nilimkuta askari akiwa na redio ya mkononi. Nilimweleza: mama mzee, kitambaa cha kijani kichwani, hana koti, amepotea.

"Mama aliyepotea hatujaona," alisema. "Kuna shosho mmoja kwa geti ya juu, lakini huyo hajapotea. Amekuja na babake, anamngoja."

"Na huyo babake ana miaka mingapi?"

"Hata sisi tunashangaa, mzee. Mwenzangu ameenda kumtafuta mpaka kwa mkahawa. Anatafuta mtu wa bakora."

Sikumngoja amalize.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kibanda cha walinzi, miguu pamoja, mikono mapajani. Mtu alikuwa amempa soda na mrija. Kando yake alisimama askari wa makamo, kwa lafudhi yake mtu wa magharibi ya Kenya, na mwanamke wa kufagia aliyeegemea ufagio wake. Watu kadhaa walikuwa wamesimama kutazama. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti. Sikuwa nimefikiria nitasema nini. Nilisema kilichokuwepo.

"Mama. Mama, ni mimi. Ni mwanao."

Alinitazama usoni, jasho na vumbi na pumzi zangu zote, kisha akamtazama askari.

"Huyu simjui," alisema. "Mtoto wangu ni mdogo. Mimi namngoja baba."

"Mama, nitazame vizuri."

"Aca! Hapana! Mwambie aondoke."

Askari aliweka mkono begani mwangu. Hakuwa mkali. "Papa, simama kwanza. Umesikia amesema hakujui."

Nilitoa kitambulisho chake na changu. Askari alivisoma, akavigeuza, akavilinganisha na nyuso zetu. "Jina la mwisho ni moja," alisema, "sikatai. Lakini mzee akilia mbele yangu siwezi kumpatia mtu kwa sababu ya jina."

Mmoja wa waliosimama alisema, "Siku hizi hata wazee wanaibwa." Mwingine akauliza, "Waibwe wapelekwe wapi, na wanakula?" Wakacheka. Mama alikuwa amejikunyata. Mkono wake ulikuwa umeshika kiti kana kwamba nitakiinua naye juu yake.

Yule mwanamke wa kufagia alinikaribia. Aliniuliza kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, "Wewe ni kijana wa pili?"

"Ndiyo."

"Umebeba jina la babake?"

"Ndiyo."

"Ngai," alisema, kama mtu anayemwita Mungu. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, "Si basi umwitikie? Unamtesa na mtoto ambaye hamwoni."

Nilielewa aliloniambia kabla hajamaliza. Nilielewa pia bei yake. Nilikuja Nairobi Jumamosi tatu ili mama anikubali kuwa mwanawe, na sasa, ili nimrudishe nyumbani akiwa salama, ilinibidi nikane kuwa mwanawe, mbele ya watu, kwa mdomo wangu. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu. Niliitafuta kwa dhati, nikiwa bado nimepiga magoti kwenye kokoto, na haikuwepo.

Nilisimama. Nilipangusa suruali. Nililikunjua koti, na badala ya kumkaribia kwa mbele nilizunguka nikaja upande ule mwingine wa kiti, kama mtu anayefika sasa hivi.

"Nimechelewa," nilisema. "Foleni ilikuwa ndefu."

Aligeuka. Sijaona uso wa mtu ukifunguka namna hiyo, na sikutamani kuwa mimi niliyeufungua kwa njia hiyo. "Baba! Nilijua utakuja. Kulikuwa na mwanaume hapa ananisumbua."

"Ameenda."

"Alisema ni mtoto wangu. Jitu kubwa hivyo!"

"Ameenda. Hatarudi."

Nilimvalisha koti. Alinipa mikono yake mmoja mmoja ipite kwenye mikono ya koti, akainua kidevu nifunge kifungo cha juu. Askari alikuwa akitutazama, vitambulisho vyetu bado vikiwa mkononi mwake. Alimuuliza, "Shosho, huyu ndiye?"

"Huyu ndiye baba," mama alisema kwa majivuno. "Si nilikwambia?"

Mtu mmoja aliguna. Wengine walianza kutawanyika, wakiona aibu kidogo, nadhani, kwa sababu ya jinsi nilivyokuwa nikijipangusa uso. Askari alinirudishia vitambulisho. Alisema, "Basi, papa, mshike mtoto mkono. Hapa ni Nairobi." Alisema kama mzaha, kisha nikaona kwamba hakuwa akitania.

Mama alitaka kuaga kila mtu. Alimpa mwanamke wa kufagia soda iliyobaki. Nilitaka kumtoa pale haraka, lakini geti ile si ya wageni; njia ya kutokea inapitia uani, na pale uani yule ndovu wa sanamu alikuwa bado amesimama, pembe zake zikikaribia kugusa ardhi. Mama aliganda. Alijificha nyuma ya mgongo wangu, akashika shati langu kwa ngumi mbili.

"Baba, atakuja?"

Nilimwambia hawezi kutoka pale alipo.

"Una hakika?"

Mimi ni mtu ambaye hasemi ana hakika mpaka awe amepima. Nilimwambia nina hakika. Tukapita, yeye upande wa ukuta na mimi upande wa ndovu.